Binti Yangu Alichagua Ujenzi

Asubuhi hiyo chai ilikuwa bado moto msichana wangu aliponiwekea fomu ya shule mezani, ameikunja mpaka ikabaki tu mahali pa saini.

"Mum, weka saini haraka. Mwalimu anakusanya leo."

Zamani ningeweka bila kuuliza. Lakini nimesoma masomo ya jioni, na mtu aliyesomea ukubwani hakubali karatasi ikunjwe mbele yake. Nikaikunjua. Ilikuwa ya kuchagua masomo ya sekondari. Alikuwa ameandika ujenzi.

"Na unesi umeenda wapi?"

"Unesi ni wako, Mum. Wageni wakija hapa si mimi hukimbilia jikoni? Nitaongea nini na wagonjwa?"

Miaka miwili nilikuwa nasimama kwa kikundi chetu cha maombi hapa Elburgon, namshukuru Mungu kwa nesi aliyenipa. Akina mama walikuwa wanafunga na mimi.

Mama mkwe wangu, anayeishi na sisi, akaweka kikombe chini. "Si nilisema? Siku ile alipanda juu ya mabati na nyundo. Kwetu msichana hapandi nyumba ya babake. Ni laana. Sasa anataka laana iwe kazi!"

"Shosho, hiyo bati ilikuwa inavuja kwa kitanda chako."

"Afadhali ningelowa!"

Mimi nimeokoka, laana ya mabati siogopi. Niliogopa wale akina mama. Nikachukua biro.

"Ninafuta."

Hakulia. "Futa. Halafu uende ukasome wewe."

Kwetu mtoto hajibu mzazi hivyo. Mkono wangu ulishainuka. Lakini huyu ni mtoto ambaye hata kuomba chumvi hunong'ona. Hiyo sauti ameitoa wapi? Nikakumbuka vile tukienda kuchukua mabaki ya mbao pale kiwandani, mimi huokota ya kuni, yeye anapima kwa kamba, anarudisha yaliyopinda. Hayo niliyaona kila mara na sikuwahi kumwambia Mungu. Nilikuwa nampelekea jina la kazi tu, nangoja aseme amina.

Mkono ukashuka. Nikaandika jina langu mahali pa saini, ujenzi nikauacha vile ulivyo. Mama mkwe akabeba kikombe chake, akaenda kunywea nje.

"Jumapili utasimama na mimi mbele ya kikundi," nikamwambia msichana.

"Mum, mimi siongei mbele ya watu."

"Utasimama tu. Mimi ndio nitaongea."