Turbo na Heshima ya Ukweni

Kama yupo mtu aliyewahi kupenda maelezo ya injini kuliko mimi, nionyeshwe. Siku tuliponunua gari letu, la Kijapani, lililokwishatumika, usukani upande wa kulia kama mengi yanayotufikia hapa Likasi, kusini mwa Kongo, niliketi mezani nikamsomea mke wangu karatasi yake yote. Dizeli, lita mbili. Silinda nne, valvu kumi na sita. Turbo yenye kipozea hewa, nguvu ya farasi mia moja na arobaini, na msukumo unaoanza mapema, injini ikiwa bado kwenye mizunguko elfu mbili. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na ku kiti ya nyuma, papa ataweza kunyoosha miguu?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo. Baba mkwe wangu anakaa mtaa wa Panda, juu ya kilima, katika nyumba moja ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi. Dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyembakia, anakaa kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Si mbali. Lakini magoti ya mzee yalikuwa yamekataa kupanda malori ya samaki, na ya dada yake yalikataa zamani zaidi, na watu hawa wawili waliokula sahani moja walikuwa hawajaonana miaka sita. Basi nilimwahidi mzee kwamba kiangazi kikifika nitampeleka. Nilimwahidi kupitia mke wangu, maana mkwe na baba mkwe hawaketi kuzungumza ovyo.

Niseme pia kwamba wazazi wangu asili yao ni Kasai, na watu wa Kasai hapa bado huitwa wageni; ukweni ni watu wa ziwa. Wakati wa posa wapo waliosema ndoa ile haitavuka masika mawili. Nami nina kichwa kigumu. Niliapa nitakuwa mkwe mwenye adabu kuliko wakwe wote wa Haut-Katanga, waliosema hivyo wafe kwa kijicho.

Kila Jumapili baada ya ibada tulipanda kile kilima cha Panda, gia ya pili, turbo ikiimba mpaka nikawa natabasamu peke yangu. Mzee alikuwa amekaa barazani anatusubiri. Basi hata magurudumu hayajasimama sawasawa, nilikuwa nimekwishazima injini. Kumwamkia mkwe huku mashine inanguruma nyuma yako ni kama kumpigia kelele usoni. Nilishuka, nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu, salamu ya kwao, macho chini. Mama mkwe alinisifu mpaka kwenye kikundi chao cha akina mama kanisani. Nilivimba kichwa, sikatai.

Wiki moja kabla ya safari ya ziwani, turbo ikafa. Ilianza kwa mluzi mwembamba, kama birika. Kisha nguvu zikapotea, malori yanayotoka migodi ya Kakanda na mizigo yake yakawa yananipita mlimani, madereva wakinipungia mkono. Mwisho ukatoka moshi wa buluu, mtaa mzima ukafunga madirisha. Mke wangu alikwenda kumwambia baba yake kwamba safari haipo. Aliporudi nilimuuliza mzee amesema nini. Akasema alikwenda kuvua shati jipya alilokuwa akilijaribu kwa ajili ya safari.

Shati lile liliniuma mwaka mzima. Tulifunga turbo nyingine mvua zikiwa zimekwishakata barabara ya ziwani, nami nikaanza kuitunza kama mgonjwa. Oili nilibadilisha kila kilomita elfu tano, ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi, si ile ya madumu ya barabarani. Chujio la hewa nililipuliza kila wiki, maana vumbi la barabara za migodi ni jekundu na halina huruma. Na bado, kiangazi kilipokaribia tena, Jumapili moja nikasikia mluzi. Moyo ulinishuka mpaka kwenye pedali.

Fundi wangu ni mtu mnene, mpole, anayenawa mikono kabla ya kuigusa turbo badala ya baada yake. Aliangalia kila kitu kwa zamu. Mabomba ya mpira ya hewa, ambayo yakipasuka gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, yalikuwa mazima. Masizi yanayokwamisha mapanga ya turbo hayakuwa mengi. Akafuta mikono akaniangalia.

"Mwalimu, turbo haiwezi kufa bure. Sasa unieleze. Ukimaliza kupanda kilima, unafanyaka nini?"

"Nafika ku nyumba ya bakwe, nazimisha."

"Mbio?"

"Mbio sana. Ni bakwe!"

Akakaa juu ya tairi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaita gereji nzima: "Mukuye musikie! Ile turbo iliuawa na heshima!"

Alipopata pumzi alinieleza. Turbo inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoilinda ni oili tu inayopita katikati yake. Ukizima injini ghafla baada ya kilima, pampu ya oili inasimama, lakini turbo bado inazunguka, na bado ni ya moto. Oili iliyobaki ndani inaungua, inakuwa makaa, na makaa yanakula chuma. Dawa yake haina gharama: ukifika, acha injini ingurume polepole dakika mbili, ndipo uzime. "Hii bado inaweza kupona," alisema. "Lakini ukiizimisha vile tena, ku ziwa mutaenda na miguu."

Nami kazi yangu ni kufundisha fizikia. Nisijicheke?

Dakika mbili! Kwa fundi ni kitu kidogo. Lakini nitakaaje garini dakika mbili, injini inanguruma, baba mkwe ananitazama? Jumapili iliyofuata nikabuni ujanja. Mke wangu alishuka akatangulia, mimi nikasimama kilimani juu, nyuma ya tangi la maji, nyumba tatu kabla ya kwao, ili injini ipumzike. Nilikaa macho kwenye saa, midomo ikihesabu. Jumapili mbili nilifanya hivyo na mambo yalikwenda vizuri. Ya tatu, jirani mmoja akakimbia kumwambia mama mkwe kwamba mkwe wao anajificha nyuma ya tangi, anasali peke yake, huenda nyumbani kuna matatizo.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa anakuja. Polepole, na magoti yake yale, fimbo mkononi. Nilitaka kuzima, mkono ukakataa. Nilitaka kushuka nichuchumae, akawa amefika dirishani. Ikabidi niseme, macho kwenye usukani, maneno yakigongana: turbo, oili, moto, dakika mbili, papa munisamehe.

Aliinama, akasikiliza injini.

"Myaka makumi tatu nilitumika ku compresseur," alisema, yaani mashine ya kusukuma hewa mgodini. "Mashini ikiwa na moto, hauizimishe mbio. Unaiacha ipumue. Kila Jumapili nilikuwa nasikia unaiua."

"Sasa papa, juu ya nini hamukuniambia?"

"Nifundishe mukwe kuendesha mutuka? Bantu batasema nini? Batasema ninakuzarau."

Basi tulikuwa wawili. Mimi nazima kwa heshima, yeye ananyamaza kwa heshima, na katikati yetu turbo inaungua. Nilijizuia, nikashindwa, nikacheka. Mbele ya baba mkwe wangu, kwa sauti! Naye mabega yakaanza kutikisika, akacheka bila meno, akashika mlango asianguke. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi kando yangu. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Inasukuma pression ngapi?" akauliza, akitaka kujua shinikizo la hewa ya turbo.

"Bar moja na kidogo, papa."

"Kidogo ngapi?"

Nikajua nimepata mwenzangu wa karatasi za injini.

Kiangazi hicho tulikwenda ziwani. Mzee alikataa kiti cha nyuma, akaketi mbele na shati lake jipya, akisikiliza kila mlima. Mke wangu nyuma alilalamika kwamba amesahauliwa, wanaume wanazungumza mabomba toka Likasi. "Sasa!" mzee alisema turbo ilipoanza kuvuta, akapiga paja. Barabara ilitukung'uta, vumbi likatujaa puani, na sikumbuki safari nyingine niliyocheka hivyo.

Tulipoingia uani kwa dada yake, alikuwa amekwishasimama mlangoni, mdogo, mkavu, kitambaa cheupe kichwani. Mzee aliteremka kabla sijavuta breki ya mkono. Walishikana, kila mmoja akipapasa uso wa mwenzake kama anatafuta kitu alichokiacha pale. Mimi nilibaki garini, injini ikinguruma, dakika zangu mbili hazijaisha.

Bibi akanitupia jicho juu ya bega la ndugu yake. "Na huyu mukwe yako, haiko na adabu? Anakaa mu mutuka, motere inalia, miye nasimama hapa!"

Nikashika kitasa, tayari kuruka na kuchuchumaa. Mzee akaninyooshea kiganja: bado.

"Yaya, dada yangu, umuache," alisema. "Huyu haiko mukwe. Ni mutoto yangu."

Nililia juu ya usukani, machozi na vumbi jekundu mpaka kidevuni, na bibi akaja mwenyewe dirishani kuniamkia.