Sabini na Moja za Shangazi

Mimi nauza vitenge Miembeni, na kila kitambaa nakipima mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Ndiyo maana siku ile kompyuta ilipompa shangazi sabini na moja, wenzangu kwenye foleni walishtuka, mimi nikaona tu kwamba bei imepandishwa.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yetu, na anaishi kwangu Kibeta. Alikuwa amekohoa wiki tatu. Kikohozi chenyewe hakikumsumbua sana, kilimsumbua kaka yangu, mwalimu wa hesabu kule Kamachumu, ambaye Jumamosi ile alikuwa anamwoza binti yake. Kwetu bibi harusi huketi na shangazi wa ukoo ubavuni, tangu anatoka ndani mpaka anakabidhiwa. Kaka akanipigia simu.

"Na kikohozi hicho asikae karibu na mwanangu. Aje na karatasi ya kupimwa kifua. Bila karatasi atakaa nyuma, kwenye masufuria."

Simu yangu ina sauti kubwa kuliko bei yake. Shangazi alisikia kila neno.

"Masufuria," alisema. "Mimi, niliyewasindikiza mabinti saba wa nyumba hii, na hakuna hata mmoja aliyerudi."

Nilihesabu kimoyomoyo. Walirudi wawili. Lakini hapakuwa mahali pa kuyasema hayo.

Bahati nzuri Alhamisi lilikuja gari la kupima kifua kikuu, likaegeshwa uwanjani si mbali na duka langu. Ndani kuna mashine ya eksirei na kompyuta yenye programu inayoisoma picha yenyewe, bila kusubiri daktari kutoka mbali. Inatoa alama kuanzia sifuri hadi mia, na pale inapotilia shaka inapaka rangi nyekundu. Hayo alitueleza mtaalamu wa gari, bwana mpole mwenye miwani, kwa upole ambao ulikuwa unaelekea kuisha kadiri foleni ilivyorefuka.

Shangazi aliingia akiwa na shimizi tu na gauni jepesi alilopewa. Akavuta pumzi, akaibana, akaambiwa aachie, akasema hajachoka. Tukaitwa mbele ya skrini.

"Bibi, umepata sabini na moja," mtaalamu alisema, uso umebadilika.

"Mawe, mama yangu!" Shangazi alipiga makofi. "Shuleni sikuwahi kufika hapo!"

"Hapana, bibi. Hapa alama zikiwa nyingi si vizuri."

Hapo nikaingia mimi. "Daktari, sabini na moja ni nyingi mno kwa mwili huu. Mtazame mwenyewe alivyo. Fanya arobaini."

"Mama, hii si doti ya kitenge."

"Arobaini na tano, tusipotezeane muda."

"Siipangi mimi, inapanga kompyuta. Na yenyewe haisemi kwamba ni ugonjwa. Inasema tu, tazameni hapa. Bibi atatoa makohozi, yatapelekwa kupimwa, majibu Jumatatu."

Jumatatu. Harusi Jumamosi. Shangazi aliacha kutabasamu. Akashika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukohoa nikamwona anaogopa. Sikujua kama anaogopa ugonjwa au masufuria.

"Hebu tuone hiyo rangi imepakwa wapi," nikasema.

Mtaalamu akaikuza picha. Akaondoa ile rangi, akacheza na mwanga na giza mpaka mbavu zikasimama kama nondo za dirisha. Upande wa kulia, juu, palikuwa na vidoa vya mviringo vimekaa pamoja. Nikavihesabu kutoka juu: saba. Nikavihesabu kutoka chini: saba. Vyote ukubwa mmoja, vimebanana vizuri, kama vimefungwa na mtu.

Na mtu aliyevifunga nilimfahamu. Ni mimi. Asubuhi ile nilikuwa nimefunga akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na maganda yake na kukaushwa, kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Punje tisa. Mbili shangazi alizitafuna njiani tukishuka kutoka Kibeta.

"Shangazi, akamwani iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Akatazama dari la gari. "Mahali pake."

Mahali pake ni mfuko alioushonea mwenyewe ndani ya shimizi, kifuani, upande wa kulia. Mtaalamu alivua miwani.

"Bibi, si nilisema utoe vitu vyote?"

"Ulisema vya chuma. Nimetoa mkufu, nimetoa bangili, nimetoa na pini. Kahawa ni chuma?"

"Ulikuwa unaificha ya nini?"

"Sikuificha. Ni yako, waitu, mwanangu. Naendaje kwa mtu mikono mitupu?"

"Sasa mbona hukunipa tangu mwanzo?"

Shangazi alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu ambaye hakulelewa na wazazi. "Nikikupa kabla hujanipima, hiyo ni rushwa. Nikikupa baadaye, ni shukrani. Mimi ni mtu wa kanisani."

Mtaalamu alisema sawa, picha itarudiwa, ila turudi mwisho wa foleni. Nikachungulia nje: watu thelathini na wanane. Nikahesabu tena: thelathini na tisa, mmoja alikuwa ameinama. Nikaomba tuwe wa pili. Akasema wa ishirini. Nikamwambia bibi akikaa juani kikohozi kitaongezeka, halafu alama nazo zitaongezeka. Tukamalizana kwenye wa nne.

Picha ya pili, bila kahawa: nane.

Hata hivyo, kwa vile kikohozi cha wiki tatu ni kikohozi, mtaalamu alikataa kutuachia hivihivi. Shangazi alitoa makohozi. Nikapambana na ile Jumatatu kwa nusu saa nzima, ikashuka mpaka Ijumaa jioni. Majibu yakatoka safi. Muuguzi aliyetukabidhi majibu alisema huenda ni moshi, maana shangazi anapika kwa kuni wakati jiko la gesi lipo, akidai ndizi za gesi zina ladha ya kiberiti. Karatasi yenye ile nane na majibu ya makohozi nikaiweka mkobani.

Jumamosi tukafika Kamachumu. Kaka alitupokea getini, amevaa suti, mkono umenyooshwa. Akasoma.

"Nane," alisema. "Nane chini ya mia?"

"Soma chini. Hakuna vimelea."

"Nimeona. Lakini nane!" Miaka yote ya kusahihisha madaftari ilikuwa imempanda kichwani. Kidole chake kilikuwa kinapapasa mfuko wa koti, kikitafuta kalamu nyekundu.

Nikaanza kumweleza kwamba hapa kidogo ndicho kingi. Shangazi hakusubiri. Aliingiza mkono kifuani, mahali pake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kumbe alipompa mtaalamu zile punje saba alimwomba na yeye shukrani yake, akachapiwa picha ya kwanza.

"Sabini na moja," alimwambia kaka. "Na sikusaidiwa na mtu."

Kaka alikunjua, akaona namba, uso ukamlainika. "Hapo sasa! Nyegera, shangazi, karibu, pita mbele."

Vile vidoa saba hakuviona hata kimoja. Nilifungua mdomo nimrekebishe, nikaufunga. Karatasi ya kweli alikuwa nayo mkono wa pili, na amekubali bei. Mteja akishakubali, huendelei kusema.

Shangazi aliketi ubavuni mwa bibi harusi, mgongo umenyooka. Katikati ya maombi akakohoa, na turubai zima likageuka. Akatoa kifurushi kipya kifuani, akampa binti punje moja, akatafuna moja.

Nilikuwa nimemfungia tisa. Zimebaki saba.