Kijiko Kitupu

Baada ya fundi cherehani kupunguzwa tumbo kwa upasuaji ili unene umtoke, daktari alimruhusu vinywaji tu: maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Njaa aliivumilia. Kilichomkata maini ni mama yake, aliyeanza kupoteza kumbukumbu, na kila mchana alimsogezea sahani.

"Kula, mwanangu. Au umeninunia?"

"Sijakununia, mama. Nimepasuliwa, siruhusiwi."

Mama aliitikia, akasahau, akauliza tena. Siku moja akasukuma sahani yake. "Usipokula, nami sili."

Mama mwenyewe alikuwa amekonda, mifupa inahesabika. Basi fundi akageuka kidogo, akatia kijiko kitupu mdomoni, akatafuna huku machozi yakimtiririka.

"Kitamu?" mama akauliza, akianza kula.

"Kitamu sana, mama."