Chuma cha Meli Uani Kwetu

Siku ile uani tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa kiume, baba mdogo kutoka Magomeni, na baadaye fundi chuma wa Gerezani, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo. Arobaini ya mama ilikuwa imepita, na baba alimtangulia. Baba mdogo alikuja kuwachukua wadogo zangu: wa kike aende kwake, wa kiume kwa shangazi. Nguo zao zilikuwa zimeshafungwa kwenye khanga.

Mimi nilikwishaacha shule. Nilimwambia nitawalisha kwa kupika chapati, anipe mpaka Ramadhani.

"Utapikia nini?" aliuliza.

Ndipo fundi akaingia akichechemea, na chuma cha chapati nilichomwomba. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na Kariakoo ilijaa vikaango vya nje, vyepesi, vya kuunguza unga. Cha kwake alikikata kwenye bamba la meli kuukuu ya abiria iliyovunjwa bandarini. Karakana yake ilijaa mifupa ya meli hiyo: mbao za msaji zilizokuwa sakafu ya sitaha, fremu za shaba za madirisha, na mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa ribiti, zile pini nene zinazopondwa vichwa, maana enzi zile hawakuchomelea. Ribiti moja ilibaki katikati ya chuma changu, imepondwa ikalala.

"Mnyamwezi wee," alisema baba mdogo, "umemletea mtoto kipande cha meli apikie?"

"Nyie Wazaramo kazi yenu kula. Kaa usubiri."

"Na nyie mlikuja pwani na mizigo kichwani, mkasahau njia ya kurudi!"

Nikawasha moto, nikamimina mafuta. Yakapenya pembeni ya ribiti, yakadondokea kwenye mkaa, moto ukaruka. Mdogo wangu wa kike akakumbatia furushi lake. Baba mdogo akasimama.

"Basi. Twendeni."

"Bahari nzima haikupita hapo," fundi alisema, "yapite mafuta ya Mzaramo?" Akakitoa chuma motoni kwa koleo, akakilaza juu ya jiwe la kufulia nguo, akaigonga ribiti ingali ya moto mpaka ikajaza tundu lake. Nikamimina tena. Hayakudondoka.

Chapati ya kwanza ilitoka na duara dogo katikati. Baba mdogo aliila amesimama, akaomba nyingine, kisha akafungua mwenyewe lile furushi.

"Mpaka Ramadhani," alisema.

Nilipomuuliza fundi bei, alikasirika. "Mtani analipwa? Nikifa, uje kwetu Tabora. Uvae koti langu, uchechemee kama mimi, uwachekeshe wanangu kaburini. Ndiyo kazi ya mtani."

Nikamwahidi.

Ramadhani ilipita, na nyingine nyingi. Wadogo zangu walikua mkononi mwangu, wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali. Wakija, huja na haraka. Siku nyingine jioni inafika sijasema neno ila bei ya chapati. Fundi alirudi kwao Tabora vikaango vya nje vilipoiua kazi yake.

Msafiri mmoja ndiye aliyeniambia kwamba amezikwa. Nilimuuliza kama alikuwepo mtani yeyote. Akasema hakuwepo, watu walilia tu, wakatawanyika.

Koti lake sijalivaa. Tabora bado sijaenda.