Mablanketi ya Bei ya Chini

Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka moja la mablanketi, Uvira, kwa hiyo muuzaji wake nilimwona kila siku. Hakujua kutulia. Asubuhi alizunguka soko na kengele akitangaza mablanketi ya bei ya chini, kisha akarudi mbio nyuma ya meza, vidole vikichuna nyuzi za shati lake mwenyewe. Blanketi la bei hiyo lilikuwa moja tu, limetundikwa mlangoni, na mwenye duka alikataza lisiuzwe. Watu walipoingia, muuzaji aliwaambia kwa sauti laini, macho yakiwa barabarani: "Yameisha sasa hivi, mama. Lakini iko mazito, bei ingine." Wengi walinung'unika, wakanunua mazito.

Siku moja akaingia Libérate, mkulima wa Kavimvira, vumbi hadi magotini. Muuzaji akamwambia yameisha, arudi juma lijalo.

"Baba amekufa jana," Libérate akasema. "Tunamuzika leo, natafuta blanketi ya kumufunika. Miye nilisikia weye unatangaza, nikasema Mungu iko."

Muuzaji akasema kwa nguvu, duka zima likasikia: "Hayakuisha, mama. Hayakukuwako hata siku moja."

Akashusha blanketi zito kutoka rafuni, akampa kwa bei ile ile aliyoitangaza. Mwenye duka akamwita kutoka ndani, akamwita tena kwa ukali. Muuzaji alikuwa ameinama chini ya meza, anamtafutia Libérate kamba ya kufungia.