Safari Isiyo na Msiba

Watoto wa marehemu dada yangu ndio waliotaka twende ziwani. Mimi nilitarajia watasahau.

Ilikuwa Septemba, baridi ya Songea imeshalegea na shule zinakaribia kufunga kwa likizo fupi. Miti ya njia ya Peramiho ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu ambayo mgeni hudhani yamekauka, kumbe ndiyo kwanza yanachipua. Msichana yuko kidato cha tatu, mvulana kidato cha kwanza. Wananiita mama mdogo, ingawa tukitembea pamoja mtaani kwetu Mfaranyaki watu hudhani ni wadogo zangu.

"Mama mdogo," mvulana aliniambia siku moja nikiwa kwenye cherehani, "umeona kwamba sisi tukipanda basi, kuna mtu amekufa?"

Nilicheka, halafu nikaanza kukumbuka safari zetu. Mbinga, msiba. Namtumbo, msiba. Tunduru, arobaini. Hata ile harusi ya Njombe, wakati wa kurudi tulipitia kwenye matanga.

"Tunataka kwenda mahali ambako hatuna ndugu," dada yake akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. "Mbamba Bay. Ijumaa mpaka Jumapili. Tuone ziwa, tule samaki, tulale, turudi."

Sikuweza kukataa. Mwakani msichana ataingia kidato cha nne, na huko likizo zote huliwa na masomo ya ziada. Baada ya hapo ataondoka kwangu, Mungu akipenda, kwenda shule ya mbali. Tusipokwenda likizo hii, sikuona likizo nyingine ambayo tungekuwa watatu.

Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi, heri niseme mapema. Niliishia kidato cha pili. Ushonaji nimejifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kufumua nguo kuukuu nione zilishonwaje, na labda kwa sababu hiyo siamini kitu nilichokitengeneza mpaka nikifumue tena. Mteja amesharidhika na pindo, ameshasema asante, mimi bado naliangalia. Safari nayo niliishona hivyo hivyo. Nilimpigia simu mama mwenye gesti kuuliza kama vyandarua vina matundu. Nikapiga tena kuuliza kama maji ya bombani yanatoka asubuhi. Nikapiga tena kuuliza ziwa liko umbali gani na mlango wa chumba chetu, maana hakuna anayejua kuogelea kati yetu. "Dada," akanijibu kwa upole, "lipo hapo hapo lilipo. Njooni tu." Usiku wake nikatafuta video za kumwokoa mtu aliyezama. Kesho yake nikamlaza mvulana kwenye mkeka, nikamkandamiza kifua kama nilivyoona, mpaka akasema, "Mama mdogo, mimi bado mzima."

Wakati mimi nafanya hayo, wao ndio waliokuwa wakipanga safari yenyewe. Msichana alikwenda stendi mwenyewe, akauliza makondakta basi lipi linafika jua halijazama, na hakuridhika na jibu la kondakta mmoja. Mvulana alijifunza kwa mtoto wa jirani namna ya kuelea huku umeshika dumu tupu la mafuta, akanieleza mara mbili, bila kunicheka. Nilikuwa nawatazama na kujiuliza wamejifunza wapi utulivu ule. Kwangu hawakuupata.

"Bibi tumeshamwambia?" msichana akauliza, tumebakiwa na siku moja.

Hilo nilikuwa nalikwepa. Mama yangu anaishi Maposeni, jirani na Peramiho, na basi la kwenda ziwani kupitia Mbinga linapita njia panda ya Peramiho. Pale hakosekani mtu anayetufahamu, na habari zetu zingemfikia mama kabla sisi hatujafika Mbinga. Isitoshe, kwetu watoto wa marehemu hawasafirishwi bila bibi yao kuridhia. Akisema hapana, ni hapana, na hakuna mjomba wala padri wa kukata rufaa kwake.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi, shule zimeshafunga. Nyuma ya bodaboda nilikuwa narudiarudia maneno yangu kimoyomoyo. Tulimkuta shambani, anafyeka mabua ya msimu uliopita na kuyakusanya, kusubiri mvua. Alipotuona tunakuja watatu, siku ya kazi, bila taarifa, aliweka panga chini polepole na kujifunga kanga vizuri kiunoni.

"Shikamoo, bibi," watoto wakasema.

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Wote wazima. Tunataka kwenda Mbamba Bay kesho."

"Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu."

"Mnakwenda kufanya nini kwa hakuna mtu?"

"Kupumzika."

Akanitazama, akayatazama mabua, akanitazama tena. "Mmechoshwa na nini?"

Maneno yangu yote yakapotea. Nikajisikia nasema kwamba kuna mteja wangu huko, anataka sare za kwaya, na kwamba ni lazima nikampime mwenyewe.

"Bibi, hakuna mteja," msichana akasema. Hakupaza sauti. "Mama mdogo anakuogopa tu."

Nilitamani kuingia chini ya yale mabua. Lakini mama hakukasirika. Nadhani hata alitaka kucheka, akajizuia.

"Mtu anasafiri kwenda kwa watu," akasema. "Mkiugua huko, nani atawapa maji? Mkipotea, nani atajua ninyi ni wa nani? Mama yao aliniachia watoto, hakuniachia watalii. Hapana."

Akaokota panga lake. Ningekuwa peke yangu ningebembeleza, na nikibembeleza huwa naharibu zaidi. Watoto hawakubembeleza. Msichana alichukua panga la pili lililokuwa limechomekwa kwenye ua, akaanza kufyeka sambamba na bibi yake. Mvulana akawa anakusanya. Nami nikakusanya. Marundo ya mabua yakakua, hata nikadhani safari imekwisha na watoto wameshaikubali habari hiyo upesi kuliko mimi.

"Bibi," mvulana akasema kutoka kwenye rundo lake, "tulipokwenda Mbinga kumzika babu, mlinifunika kanga kichwani njia nzima."

"Ulikuwa mdogo. Watu walikuwa wanalia."

"Najua. Namtumbo pia mlinifunika." Akafikiri kidogo. "Mimi nimesafiri sana, ila sijaona kitu."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mama alisimama na panga mkononi, akamwangalia yule mtoto ambaye sasa ni mrefu kumpita.

Msichana hakuiacha nafasi hiyo ipite. Alifuta mikono, akatoa simu yangu kwenye mkoba wangu bila kuniuliza. "Bibi, ongea na mwenye nyumba tutakakolala. Ukisikia sauti yake mbaya, hatuendi."

Akapiga, akaweka spika.

"Dada wa vyandarua," sauti ikasema, "leo kuna nini tena?"

"Mimi ni mama yake," mama akasema. "Wewe nawe kwenu wapi?"

"Shikamoo, mama. Kwetu Mbesa, Tunduru. Huku ziwani nimeolewa tu."

"Mbesa ya hospitali?"

"Hiyo hiyo."

Mama akakaa juu ya rundo la mabua. "Kaka yangu alilazwa hapo. Tulikuwa hatujui mtu. Kuna mama wa jirani na hospitali alikuwa anatuletea uji mpaka tukaondoka."

"Alhamdulillahi. Ndivyo tulivyo."

"Kumbe Myao. Basi nikikuletea kuku atakufikia mifupa mitupu."

"Mama, ninyi Wangoni mlitumaliza zamani kwa vita vyenu, leo hata kuku mnatunyima?"

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. Wakaendelea, watani hao wawili wasiopata kuonana, wakaulizana watoto, mahindi, na bei ya dagaa, wakati salio langu linateketea na mimi sithubutu kusema neno. Mwisho nikamsikia mama akisema, "Hawajui kuogelea hata mmoja. Yule mkubwa wao ndiye mwoga zaidi, mwangalie huyo hasa."

"Nishamjua, mama. Usiwe na wasiwasi."

Simu ilipokatika, mama akasema, kana kwamba ndiye aliyeitoa fikra yote, "Sasa mnakwenda kwa mtu. Hamwendi mikono mitupu. Jogoo yupo."

Nikaanza kusema kwamba ile ni gesti, kwamba huko watu hulipia tu, kwamba nimemaliza kufunga mizigo na hakuna mahali pa kuku. Msichana akanishika kiwiko.

"Sasa tumeshapata ndugu," mvulana akanong'ona, amekunja uso.

"Tutamsalimia," dada yake akamjibu, "tutampa jogoo wake, halafu tutakwenda kwenye maji."

Akaridhika. Hivyo tu, akaridhika, jambo ambalo lingenichukua mimi wiki nzima kulimeza. Walikuwa wametaka kitu kimoja, wakapewa kingine kilichokaribiana nacho, na wakakipokea kwa mikono miwili, bila kumwonyesha bibi yao kwamba kuna kilichopungua.

Jogoo hakukubali kirahisi. Alizunguka jiko, akapita chini ya uchaga wa vyombo, akaingia kwenye migomba. Watoto walimkata njia mmoja huku na mmoja kule, na mama aliwaelekeza kwa panga kama mwamuzi wa mpira.

"Na wewe," akaniambia, "ziba upande ule. Usisimame kama mgeni."

Nikavua viatu, nikakimbia.