Ukingo wa Asiyekuwepo

Siku ya nne baada ya harusi yangu, hina haijafifia mikononi, mama mkwe alinitoa chumbani akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kijito kinachoteremka kutoka milimani kwenda ziwani, akaniambia niingie matopeni.

Katika mtaa wetu wa wakamua mawese, pale Rumonge, mwali hakuhesabiwa kuwa wa nyumba mpaka apewe ukingo. Kilikuwa kipande cha kando ya mto, hatua thelathini hivi, chenye matete. Tangu siku hiyo ni chako. Kikibomoka, ni wewe uliyebomoka, na majirani watalisema hilo bila kupunguza sauti.

Mama mkwe alifundisha kwa ukali. Matete hayakatwi yote wakati wa kiangazi. Unakata mstari, unaacha mstari. Ukipanda, unalaza shina kwa mshazari, kichwa kikielekea ziwani, ili mafuriko yalipapase tu, yasilifukue. Makapi ya mawese hayamwagwi mtoni, yana shimo lake. Na pale mto ulipopinda, usiunyooshe hata siku moja, maana pale ndipo unapopunguza mwendo. Mimi, binti wa fundi cherehani, niliyejiona mtu wa mjini, nilinuna kutwa nzima.

Kisha akanipa sheria iliyonishangaza kuliko zote. Mbegu ya matete haiuzwi. Ukimpa mtu, mmefungana: yeye asipokuwepo, ukingo wake unautunza wewe, na wewe usipokuwepo, yeye anautunza wako.

"Mutu anaweza kukosekana," alisema. "Maji, yeye, iko siku zote."

Miezi michache baadaye ukaja Uhuru, na ulikuja kiangazi. Wanaume walitaka vibanda vya kivuli vya kuwakalisha wageni, na uzio mrefu wa kupamba barabara. Agronomi, yaani bwana shamba wa serikali, alikuwa ameshawaambia kwamba matete ni pori tu, na kwamba mwenye akili angepanda michikichi mpaka majini. Basi wakashuka mtoni na mapanga, wakafyeka pande zote mbili, hadi kwenye mizizi. Mbele yao alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mkulima wa makamo mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kilimani.

Walipofika kwenye kipande changu walinikuta nimeketi katikati ya matete, na kanga yangu mpya.

"Mwali, toka mu matete," jirani akasema. "Unataka kuhaibisha inchi siku ya Uhuru?"

"Kama Uhuru iko yetu wote, matete iko yangu," nikamjibu. "Minakatala."

Walicheka. Kisha wakakasirika, kwa sababu mwali hasemi na wanaume namna hiyo. Wala nisijipake sukari: sikuwa nikiyapenda yale matete. Nilichochukia ni kuambiwa nitoke kwenye kitu nilichopewa juzi tu. Nilikaa mpaka jua likashuka. Mume wangu aliona haya, akaacha kusema nami kwa siku mbili. Mama mkwe hakunitetea wala hakunigombeza. Aliniletea humo humo matopeni sahani ya ugali wa muhogo na ndagala, akaketi jiweni, akaningoja nimalize.

Mvua zilipoanza, kijito kilishuka na hasira ya milima yote. Michikichi michanga waliyokuwa wameipanda pale walipofyeka, hadi majini, iling'oka mmoja mmoja, kila mmoja ukiondoka na tonge lake la udongo. Jirani alipoteza safu nzima, na nusu ya jiko lake. Ukingo wangu ulibaki. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilisimama pale mchana kutwa ili nionekane.

Akavuka kuja kwetu, kofia mkononi.

"Amahoro, dada," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada. "Unipe mbegu ya matete."

Nilitaka aombe mara ya pili, lakini mama mkwe alikohoa huko jikoni, nami nikaelewa. Nikampa mashina, nikamwonyesha mshazari, nikamweleza na sheria.

"Ego, nakubali," akacheka. "Lakini mie siende fasi yoyote. Niko hapa mpaka kufa."

Tukaishi hivyo miaka kama kumi. Nilipojifungua, alinitunzia ukingo siku arobaini bila kukumbushwa. Yeye niliyemdhania mkaidi akawa mwalimu kuliko sisi; aliwafundisha shemeji zake wa Kizuka, wakaja kuchukua mbegu, wakaondoka nazo vichwani. Agronomi naye alifika siku moja, akapima matete yetu kwa utepe, akaandika, akaondoka. Mama mkwe hakuambiwa hata murakoze.

Mwaka wa 1972, wakati wa mvua, tulikimbia na mtumbwi mpaka upande wa Kongo. Watu waliuawa, wengi mno. Naandika hivyo wazi, kwa sababu kwa miaka mingi tulitakiwa kusema kwamba wamesafiri. Mama mkwe alifia ugenini, akiuliza habari za mto.

Tuliporudi, mtaa ulikuwa kimya. Nyumba ya jirani haikuwa na mlango wala mtu. Ukingo wake ulikuwa umebomoka hadi karibu na ukuta. Nikateremka kuutazama wangu nikiwa nimejiandaa kulia.

Ukingo wangu ulikuwa mzima. Pale ambapo maji yalikuwa yameanza kula palikuwa na matete machanga, yameshika mizizi, yamelazwa kwa mshazari, vichwa vikielekea ziwani. Sisi tulipokimbia, jirani alibaki, akavuka mto, akapanda. Wauaji walimchukua baada ya hapo. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, na anayetaka kusikia asikie.

Kesho yake nilikata mashina, nikavuka kwenda kwenye ukingo wake. Siku ya tatu akaja mtu wa komine, ofisi ya serikali ya pale kwetu, viatu vyake safi. Alisimama juu, mbali na matope.

"Mama, acha hiyo kazi. Kiwanja iko cha serikali sasa, kitapewa mutu mwingine. Na matete itafyekwa."

"Wakifyeka nitapanda tena."

"Kwani iko yako?"

"Oya. Si yangu."

"Sasa unatafuta nini hapa? Mwenyewe hayupo!"

"Ego," nikamwambia, nikiwa magotini, bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana niko mie."